Ziba kwanza, ndipo ufunike

Kila jioni mama yangu alikuwa akikunja nguo kuukuu na kuibana chini ya mlango wa chumba chake. Niliizoea nguo ile hata nikawa siioni. Siku moja nilikuwa nabadilisha kitasa cha mlango huo, futi ikiwa mkononi, nikapima na uwazi wa chini: milimita 8. Mlango wenyewe una upana wa sentimita 80. Ukizidisha unapata sentimita za mraba 64, yaani sawasawa na tundu la sentimita 8 kwa 8. Mtu akikutobolea tundu la ukubwa huo ukutani, hulali kabla hujaliziba. Lakini likinyooshwa likawa mstari mwembamba chini ya mlango, unaishi nalo miaka na miaka, na kila mwezi unalilipia.

Tangu siku ile nimeziba nyumba yetu yote, kisha ya dada yangu, kisha za majirani wawili. Mimi si fundi wa kusomea. Ninachojua nimekijua kwa kupima, kuandika kwenye daftari na kurudia nilipokosea. Kama ningeambiwa nimweleze mtu jambo moja tu kuhusu kazi hii, ningemwambia ashike mpangilio: mianya ya hewa kwanza, pamba ya kufunika baadaye. Wengi wetu tukiona nyumba haishiki joto, au haishiki ubaridi wa kiyoyozi, tunakimbilia kununua kihami, yaani kitu cha kuzuia joto lisipite, cha kutandaza juu ya dari. Nami nilifanya hivyo, na nitaeleza nilichokikuta kule juu miaka miwili baadaye.

Kwa nini hewa itangulie

Pamba ya fibaglasi, sponji, bodi nyeupe za polistirini, hata blanketi unalojifunika, vyote vinafanya kazi moja: vinaishika hewa isitembee. Hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto. Nyuzi na vipovu vipo ili kuifunga tu. Ndiyo maana sweta la kufuma linakutosha ukiwa ndani, lakini ukitoka penye upepo unahisi kama hukuvaa kitu. Upepo umepita katikati ya nyuzi. Pamba iliyotandazwa juu ya dari yenye matundu ni sweta hilo hilo penye upepo.

Tena nyumba huvuta hewa yenyewe, hata siku iliyotulia kabisa. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Kama unapasha nyumba joto, hewa uliyoigharamia inatokea kwenye matundu ya dari, na kila inayotoka juu inafuatwa na hewa baridi kiasi hicho hicho inayoingia chini, milangoni na sakafuni. Kama unatumia kiyoyozi, mambo yanageuka: hewa baridi ni nzito, inamwagika kama maji kupitia chini ya milango, na nafasi yake inachukuliwa na hewa ya moto iliyokaa kati ya dari na paa. Kwa vyovyote vile, matundu yanayoumiza zaidi yako juu kabisa na chini kabisa. Dirisha la katikati ya ukuta, ambalo watu hulilaumu kwanza, mara nyingi lina kosa dogo kuliko kifuniko cha dari ambacho hakuna anayekitazama.

Kuyatafuta matundu

Chagua siku yenye upepo. Zima kila kitu kinachowaka moto ndani, liwe jiko au hita ya gesi. Funga madirisha na milango yote ya nje, kisha washa feni zinazotoa hewa nje, za jikoni na za bafuni. Feni zikiitoa hewa, nyumba inalazimika kuvuta nyingine kupitia kila mwanya ilio nao. Sasa washa kijiti cha udi, tembea nacho kando ya kuta, fremu na dari, na ukiangalie kisiguse mapazia.

Moshi ukipanda wima, hapo pazima. Ukilala upande mmoja au ukitetemeka, umepata mwanya. Nenda polepole kweli kweli; ukitembea haraka, moshi unayumbishwa na mwendo wako mwenyewe, nawe utaandika matundu yasiyokuwepo. Mimi husimama kila mahali nikahesabu hadi kumi kabla ya kusogea. Penye mwanya nabandika kipande cha tepu ya karatasi chenye namba, na namba hiyo naiandika daftarini pamoja na upana wa ufa na kitu kilichopita hapo: bomba, waya, fremu.

Nyumba yetu ilitoa namba 43. Nilitegemea labda 15. Nyingi zilikuwa mahali nisipowahi kupatazama: nyuma ya swichi za ukuta wa nje, mahali waya wa antena unapoingia, pembezoni mwa sanduku la mita. Chini ya sinki la jikoni, aliyepitisha bomba nene kama kidole gumba alikuwa ametoboa tundu la kupita ngumi, akaliacha wazi nyuma ya kabati. Kwa miaka yote tulidhani baridi ya miguu pale jikoni inatoka kwenye sakafu.

Kwa milango na madirisha yanayofunguka kuna jaribio rahisi zaidi. Weka kipande cha karatasi penye ukingo, funga mlango juu yake, uivute. Ikikataa kutoka, au ikitoka kwa kukazana, mpira unabana. Ikitoka bila kupingwa, mlango haugusi fremu hapo. Rudia kila sentimita 30 kuzunguka fremu yote. Usiku, mtu mmoja akisimama nje na mwingine ndani na tochi, mwanga utakuonyesha yaliyobaki.

Juu ya dari, penye kazi kubwa

Anza huku hata kama hupapendi. Panda asubuhi mapema, kabla jua halijachoma paa, maana mabati mchana wa jua kali hupita nyuzi 60 za Selsiasi na chini yake ni tanuri. Vaa mikono mirefu, glovu, miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi inayobana usoni. Kanyaga mbao zinazobeba dari tu, wala usiamini ubao wa jasi. Nenda na kipande cha plaiwudi cha kulazia magoti, kinachofika kutoka mbao moja hadi nyingine. Na kabla ya kushika chochote, tazama. Kama nyumba ni ya zamani na unaona bodi au ufungaji wa mabomba unaoshuku una asibesto (madini ya nyuzi yanayodhuru mapafu), au chembechembe za vemikulaiti zilizomwagwa kama kokoto nyepesi, shuka. Usikwangue, usifagie. Hiyo ni kazi ya wenye vifaa.

Unachotafuta ni kila kitu kinachotoboa dari: nyaya za taa, mabomba, vichwa vya kuta za ndani vilivyoachwa wazi, na lile tundu la kupandia.

Nyufa zisizozidi milimita 6 jaza kwa silikoni au kwa kijazio cha akriliki. Tofauti yake ni kwamba silikoni inavumilia maji na mtikisiko lakini haishiki rangi, akriliki inapakwa rangi lakini haifai penye maji. Nyufa kati ya milimita 6 na sentimita 1.5, sukumia kwanza kamba ya sponji, kisha pitisha kijazio juu yake. Ukimimina kijazio peke yake kitazama, kitakauka kimebonyea na kupasuka. Zaidi ya hapo tumia povu la kopo.

Povu la kopo nalieleza kwa undani kwa sababu ndilo linalowatia watu hasira. Vaa glovu kabla hujalitikisa kopo, kwa kuwa likigusa ngozi na kukauka, litabaki siku kadhaa hadi ngozi yenyewe ijichubue. Likiwa bado bichi linafutika kwa asetoni; likishakauka ni la kukwangua tu. Fungua hewa ipite na usiwe na moto wala sigara karibu, maana gesi inayolisukuma inashika moto. Tikisa kopo nusu dakika. Nyunyizia tundu maji kidogo kwa chupa ya kupulizia. Povu hukauka kwa unyevu, si kwa joto, na penye vumbi kavu halishiki. Kisha jaza nusu ya tundu tu, hata pungufu. Ukiliangalia utaona halitoshi, mkono utataka kuongeza. Usiongeze. Ndani ya dakika chache litavimba, litajikunja pembeni mwa bomba kama unga uliotiwa hamira, na kufikia ukingo lenyewe. Likishakuwa gumu, kata lililozidi kwa kisu chenye meno. Kuzunguka fremu za milango na madirisha nunua lile lililoandikwa ni la fremu, linalovimba kidogo. La kawaida lina nguvu ya kuipinda fremu hadi dirisha ligome kufunguka.

Kuna mahali pamoja ambapo povu haliruhusiwi kabisa: kuzunguka bomba la moshi au la kutolea joto la hita ya gesi. Povu linaungua. Hapo kata kipande cha bati kikumbatie bomba, kipigilie, na uzibe ukingo wake kwa kijazio maalumu cha kuhimili moto.

Tundu la kupandia darini lenyewe ni mlango wa nje, ingawa hatulichukulii hivyo. Kifuniko cha kwetu kilikuwa plaiwudi ya milimita 6 iliyolala tu juu ya fremu. Nilibandika mpira wa sponji kuzunguka fremu, nikagundisha bodi mbili za polistirini za sentimita 5 juu ya kifuniko, nikaweka vishikizo viwili vya kukivuta kibane. Gundi iwe ile iliyoandikwa inafaa kwa polistirini, kwa sababu gundi nyingine huiyeyusha mbele ya macho yako.

Sasa lile nililoahidi. Nilipopanda kuziba, ilinibidi niinue pamba niliyokuwa nimetandaza miaka miwili nyuma. Kwa sehemu kubwa ilikuwa safi, ya manjano kama siku niliyoinunua. Lakini juu ya kila taa, juu ya kila ukuta wa ndani, na kuzunguka bomba la bafuni, ilikuwa na madoa meusi. Nilidhani ni kuvu. Niliigusa: kavu, na vidole vikatoka vyeusi kama vyenye masizi. Ilikuwa vumbi. Hewa ya nyumbani ilikuwa ikipita pale mchana na usiku, pamba ikichuja vumbi kama kichujio cha gari na kuiacha hewa iende zake. Nilikaa juu ya ubao wangu pale darini nikiyahesabu yale madoa, nikaelewa kwamba nilikuwa nimeifunika mianya, sikuiziba. Kama nawe una pamba tayari juu ya dari, hayo madoa ndiyo ramani yako. Inua penye doa, tundu liko chini yake.

Milango

Chini ya mlango weka brashi au ulimi wa mpira unaofungwa kwa skrubu kwenye uso wa mlango. Ile ya kubandika kwa gundi peke yake hung'oka, sitaki kukudanganya. Kata fremu yake iwe fupi kuliko mlango kwa milimita 2 hivi, ishikilie mahali pake mlango ukiwa umefungwa, mpira uguse sakafu bila kupinda sana, ndipo uweke alama za skrubu. Tumia matundu marefu yaliyo kwenye fremu ili uweze kuishusha mpira ukichakaa. Kama sakafu haiko sawa, brashi inasamehe zaidi kuliko mpira.

Pande tatu zilizobaki zinahitaji utepe wa mpira penye fremu. Hapa ndipo nilipoharibu mlango wa kwanza: nilichagua utepe mnene nikidhani mnene ndio mzuri, mlango ukawa unafungwa kwa kusukumwa na bega, na baada ya miezi mitatu bawaba ya juu ilikuwa imelegea. Sasa napima kwanza. Chukua udongo laini wa kuchezea watoto, finyanga vijipande vidogo kama punje za mahindi, vibandike kwenye fremu sehemu sita au saba, funga mlango hadi kitasa kibane, kisha fungua. Kila kijipande kimebonyezwa kufikia unene halisi wa uwazi wa hapo. Kata katikati kwa wembe, upime. Mlango wa mama ulikuwa na milimita 2 upande wa bawaba na milimita 5 upande wa kitasa, kwa hiyo ulihitaji tepe mbili tofauti. Utepe ukibonyea kama nusu ya unene wake, umepatia.

Mpira wenye uwazi ndani, wenye umbo la nusu duara, hudumu miaka mingi. Sponji ya bei ya chini hubonyea na kubaki imebonyea. Itumie mahali pasipofunguliwa mara kwa mara tu. Safisha fremu kwa spiriti, iache ikauke, bandika bila kuuvuta utepe. Ukiuvuta utarudi wenyewe na kuacha pengo kwenye kona.

Mama aliendelea kuiweka ile nguo yake wiki mbili kwa mazoea. Kisha nikaikuta imefuliwa na kukunjwa kabatini.

Madirisha

Ufa kati ya fremu na ukuta unazibwa kwa silikoni kutokea nje. Kwangua ya zamani yote kwanza; silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani. Bandika tepu ya karatasi pande mbili za ufa, kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, mimina kwa mwendo mmoja usiokatika, lainisha kwa kidole kilicholowa maji yenye sabuni, na ung'oe tepu papo hapo kabla haijaanza kushika. Yale matundu madogo yaliyo chini ya fremu ya aluminiamu yaache. Yamewekwa ili maji ya mvua yatoke. Ukiyaziba, maji yatarudi ndani.

Kioo chenyewe kina tatizo lake. Kama tatizo lako ni jua, lizuie nje kabla halijafika kwenye kioo: kivuli, chandarua cha jua, mti. Pazia la ndani linasaidia, lakini joto limeshaingia. Kama tatizo ni baridi, kuna ile nailoni ya vipovu ya kufungia vitu. Pulizia kioo maji, bandika nailoni upande wa vipovu ukielekea kioo, itashika yenyewe bila gundi. Huoni nje vizuri, kwa hiyo mimi nimeiweka stoo na bafuni tu. Vyumbani nimeweka mapazia mazito yanayogusa sakafu na kukumbatia ukuta pembeni. Pazia linaloishia hewani linafanya bomba: hewa inashuka baridi nyuma yake na kumwagika chumbani.

Sasa funika

Sasa pamba ina kazi ya maana. Uwezo wa kihami kuzuia joto unaupata kwa kugawa unene wake, kwa mita, kwa kiwango chake cha kupitisha joto, na namba kubwa ndiyo bora. Fibaglasi hupitisha takriban 0.04, hivyo sentimita 10 zinakupa 2.5. Tofali la kuchoma hupitisha takriban 0.7. Ili ukuta wa tofali ufikie 2.5 ingebidi uwe na unene wa mita 1.75. Ndiyo maana nyumba yenye kuta nene bado inaweza kukutesa.

Usiibonyeze. Pamba ya sentimita 10 iliyoshindiliwa kwenye nafasi ya sentimita 5 imepoteza karibu nusu ya kazi yake, kwa kuwa kilichokuwa kinazuia joto ni hewa uliyoitoa. Na usiache mapengo. Chukua dari ya mita za mraba 100: iliyofunikwa yote vizuri hupitisha kama wati 0.4 (moja ukiigawa kwa ile 2.5) kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, jumla wati 40. Acha mita za mraba 5 tu wazi, ambapo ubao mtupu hupitisha kama wati 3 kwa kila mita ya mraba, na jumla inapanda hadi 53. Asilimia 5 ya eneo imeongeza joto linalopita kwa theluthi nzima. Kwa hiyo kata vipande kwa uvumilivu, vikutane bila kupishana, na tabaka la pili lilale kukatisha la kwanza ili lifunike mbao pia.

Taa zilizozama darini ziachie sentimita 7.5 kila upande, isipokuwa taa yenyewe imeandikwa kwamba inaweza kufunikwa. Nyaya za zamani, zenye ganda linalopasuka, zishughulikiwe na fundi umeme kabla hujazifunika, kwa sababu waya uliozikwa kwenye kihami hauwezi kupoa. Polistirini isigusane na nyaya za ganda la plastiki. Baada ya muda hulikausha ganda hilo hadi lipasuke. Matundu ya hewa kwenye ukingo wa paa usiyajaze pamba: nafasi ya juu ya kihami inapaswa kupumua, na kilichozibwa ni dari, si paa.

Penye jua kali, tabaka la karatasi ya aluminiamu chini ya paa linafanya jambo ambalo pamba haifanyi. Mabati ya moto yanarusha joto kwa mnururisho, kama jua lenyewe, na aluminiamu inayong'aa hurudisha zaidi ya asilimia 90 yake. Lakini inataka nafasi ya hewa ya sentimita 2 au zaidi upande unaong'aa. Ukiilaza imegusana na bati au imebanwa na pamba, inabaki chuma kinachopitisha joto. Mimi nimeipigilia chini ya mbao za paa, uso unaong'aa ukitazama chini, kwa sababu ukitazama juu vumbi litaufunika; hata ukitazama chini unasaidia, maana uso unaong'aa haurushi joto kwa urahisi. Zima umeme kabisa unapoipigilia. Karatasi hii inapitisha umeme, na pini moja kwenye waya inatosha kukuua.

Mabomba, tangi, friji

Hapa ni haraka. Mabomba ya maji ya moto yavalishe mpira wa sponji, ukianza na mita 2 za kwanza kutoka kwenye tangi, hata lile bomba la maji baridi linaloingia, maana joto hulipanda pia. Tangi la umeme, kama ukiligusa lina joto, livalishe blanketi la tangi, ukiacha wazi kifuniko cha nyaya na valvu ya usalama. La gesi usilivalishe bila maelekezo ya mtengenezaji. Friji ifanyie lile jaribio la karatasi. Mpira uliokauka ukiusafisha kwa maji ya vuguvugu na sabuni mara nyingine unarudi kushika.

Kujua kama umefaulu

Soma mita ya umeme unapokwenda kulala na unapoamka, wiki mbili kabla ya kazi na wiki mbili baada yake, uandike na hali ya hewa ya usiku huo. Usiku ndio wa kuaminika kwa sababu hakuna anayepiga pasi wala kufungua milango. Linganisha usiku wa baridi na wa baridi, wa joto na wa joto. Bili ya mwezi inachanganya mambo mengi mno. Kisha rudia jaribio la udi. Mara zote hubaki matundu ambayo mwanzo yalifichwa na makubwa.

Usichopaswa kuziba

Nyumba iliyozibwa vizuri inashika kila kitu, pamoja na vibaya. Kupika, kuoga na kupumua hutoa lita kadhaa za maji kwa siku kama mvuke. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 za mvuke; ikipoa hadi nyuzi 10 inabeba 9 tu, zilizobaki zinageuka jasho kwenye kioo na kwenye kona baridi, na hapo kuvu huota. Washa feni ya bafuni hadi robo saa baada ya kuoga, na hakikisha inatoa hewa nje ya nyumba, si juu ya dari. Ukiona madirisha yanatoa jasho asubuhi kuliko zamani, fungua mawili yanayotazamana dakika kumi. Utapoteza joto kidogo sana, kwa sababu kuta na samani zinabaki na lao.

Jambo la pili ni zito, na naliandika kwa moyo wote. Mkaa, kuni, mafuta ya taa na gesi vikiwaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na mara nyingi zinawapata walio ndani wote kwa pamoja. Ukizihisi, toeni watu nje kwanza, maswali baadaye. Jiko la mkaa lisiwake ndani ya nyumba iliyozibwa, hata kwa dakika chache za kupasha chumba. Kama una chombo chochote cha moto ndani, weka king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala. Na kama hita yako ya gesi hutoa moshi wake kwa bomba, ijaribu baada ya kuziba: washa feni zote, washa hita, subiri dakika tano, kisha leta kijiti cha udi penye mdomo wa bomba lake. Moshi unapaswa kuvutwa kuingia. Ukirudishwa chumbani, zima hita, fungua dirisha, na umwite fundi wa gesi kabla ya kuiwasha tena.

Kati ya zile namba 43 za nyumbani kwetu, nimeziba 40. Tatu zilizobaki ni matundu mawili ya hewa jikoni penye jiko la gesi, moja juu na moja chini, na lingine penye hita ya maji. Nimebandua tepu zenye namba, na pembeni ya kila tundu nimeandika ukutani kwa kalamu isiyofutika: usizibe.